Silinda na Jina la Ng'ombe

Watu wakisema wivu ni wa wanawake, mimi huwaangalia tu. Mimi ni mwanamume, niko na wajukuu, na wivu nimeula pale Kitengela kama ugali, mchana na jioni, miaka mizima. Na mtu asiniambie pole. Nilikuwa na sababu, na sababu hiyo hata leo iko pale pale.

Sababu yenyewe ni neno moja. Wamaasai wana desturi yao: mtu akikupa mnyama kwa kupenda, nawe ukampokea, hamuitani tena kwa majina yenu. Mnaitana kwa yule mnyama. Aliyetoa kondoo na aliyepewa, wote wawili ni Paker. Wa mbuzi ni Pakine. Na wa ng'ombe, ambaye ndiye mkubwa wao, ni Pakiteng, wewe kwake na yeye kwako, mpaka mmoja awekwe ardhini. Nilikuwa nikilisikia neno hilo sokoni, mzee mmoja yuko huku na mwingine kule kwenye zizi la mbuzi, "Pakiteng!" na mwenzake "Pakiteng!", wanashikana mikono kama watu waliotoka tumbo moja. Mimi ni mtu wa Machakos, hayo si yetu. Lakini nililitaka. Kulikuwa na mzee mmoja niliyetaka aniite hivyo, na nilitaka tuitwe hivyo mbele ya watu.

Mzee huyo alikuwa mteja wangu. Miaka ile ya tisini Kitengela ilikuwa vumbi na barabara ya Namanga, maduka machache, na watu wa mashamba wakipima ploti kwa kamba. Kibanda changu cha mabati kilikuwa kando ya lami, na kwenye ubao niliandika kwa mkono wangu: FUNDI WA SKUTA. Kazi hiyo nilifunzwa na Mhindi mmoja huko Industrial Area, mzee wa hasira, ambaye ujanani mwake alikuwa akishindana mbio na skuta hizo za Kiitaliano. Yeye ndiye alinionyesha namna ya kuifanya silinda kuwa kali.

Nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa ugomvi wangu. Silinda ya skuta ya zamani haina valvu. Iko na matundu ubavuni, sisi tuliyaita madirisha. Moja ni la kutoa moshi, mengine ya kuingiza petroli, ambayo imeshachanganywa na oili tangu kwenye tangi. Pistoni ikipanda na kushuka ndiyo inayoyafungua na kuyafunga. Sasa ukichukua tupa nyembamba ukayapanua hayo madirisha mahali panapofaa, mashine inapumua vizuri na nguvu zinaongezeka. Ukikosea ukala chuma kidogo tu zaidi, silinda imekuwa kopo. Ni kazi ya macho na vidole na kunyamaza. Mimi niliijua, na kusema kweli hakuna mwingine kutoka Athi River mpaka Kajiado aliyeijua.

Skuta ya mzee aliiacha padri mmoja aliyerudi kwao. Mzee alikuwa na miji miwili: mke mdogo alikaa huku kwetu, upande wa Kitengela, na mke mkubwa alikaa chini ya Kona Baridi, kule barabara ya Magadi inapoporomoka kutoka vilima vya Ngong. Kwa hivyo alikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Kuteremka hakukuwa na shida. Kazi ilikuwa kupanda, siku ya soko la Ngong, na mama mkubwa nyuma na maziwa yake. Mama alikuwa mtu mzito na mwenye heshima zake. Wakifika kona ya mwisho mashine inaanza kukohoa, mzee anasimama, mama anashuka, anapanda mlima kwa miguu huku malori ya magadi yakimpita na wachunga mbuzi wakicheka.

Nikachonga silinda hiyo. Nikaichonga tena. Ikawa bora sana, lakini kona ya mwisho bado ikamshinda. Mama akanijia kibandani, akainua mguu anionyeshe.

"Fundi, kama mashine iko sawa, mbona viatu vyangu viko na vumbi?"

"Mzee, si leo mama ameshuka karibu na juu kabisa?" nikamwambia mzee, maana kumjibu mama moja kwa moja niliogopa.

"Ndiyo," mama akasema. "Asante kwa zile hatua chache."

Mzee akacheka mpaka akashika mlango. Tulikuwa hivyo, watu wa kutaniana. Nilikula kwake, nikalala kwake, nikachinjiwa mbuzi nikapewa figo mkononi. Alikuwa ananilipa kazi yangu kila mara, hakuwahi kunizungusha. Na kila mara tukiagana alisema, "Haya, fundi." Mimi nikajiambia, ngoja, siku itafika, hii skuta itapanda Kona Baridi na mama akiwa juu yake, na mzee atanipa ng'ombe, na hilo la "fundi" litakwisha.

Halafu akaja yule wa Garissa.

Alikuja baada ya zile mvua za El Niño, akafungua duka ng'ambo ya barabara, mkabala na mimi. Aliuza sukari, vitambaa na tochi, na siku za soko alinunua mbuzi. Alikuja na skuta yake, akawa anaifungua mwenyewe juu ya mkeka nyuma ya duka, kwa kupenda tu. Nilimchukia siku ile ile. Shida ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ungemchukia ukapumzika. Huyu kila asubuhi alivuka na kikombe cha chai ya iliki, "Salaam aleikum, jirani, kunywa kabla haijapoa," na chai yenyewe ilikuwa tamu, shindwe! Nilikunywa nikiwa nimenuna.

Ndugu yake alikuwa akiishi Italia. Siku moja ndugu huyo akamletea silinda mpya kwa mkono wa msafiri, na jirani akaja kunionyesha. Ilikuwa ya aluminiamu, nyepesi, ndani inang'aa, na madirisha yake yalikuwa mengi kuliko nilivyowahi kuona, yamekatwa kwa mashine, kila ukingo laini. Niliishika nikaigeuza. Mhindi wangu hakuwahi kuiota silinda kama hiyo. Nikamrudishia haraka.

"Ni nzuri?" akaniuliza.

"Ni ya kawaida," nikasema.

Siku ya tatu nikiwa nimekaa mlangoni nikamwona mzee dukani kwake, na silinda ile iko juu ya kaunta. Barabara haikuwa na gari, nikasikia kila neno.

"Mzee, hii ni yako. Mama asitembee tena."

"Ni bei gani?"

"Haina bei. Nimekupa."

Nilicheka peke yangu. Nikasema, huyu hajui biashara, atafunga duka kabla ya Krismasi. Hayo ndiyo niliyoyawaza, na nilijiona mjanja.

Wakaifunga wenyewe juu ya mkeka. Mimi sikuitwa. Siku ya soko mzee akapanda Kona Baridi na mama mkubwa nyuma, na hakuna aliyeshuka. Habari ikafika Kitengela kabla yao. Siku chache baadaye nikiwa nachoma plagi niikaushe, nikaona mzee anakuja kwa miguu, na nyuma yake kijana wake anaongoza mtamba mweupe wa mabaka. Wakapita mbele yangu. Wakavuka. Mzee akapaza sauti.

"Pakiteng!"

Na yule wa Garissa, ambaye mtu alikuwa ameshamfundisha, akatoka dukani na mikono yote miwili mbele. "Pakiteng!"

Jamani! Kuna maumivu ya jino na kuna maumivu hayo. Kutoka siku hiyo kila asubuhi neno lilipita juu ya kichwa changu, linatoka huku linaenda kule, na mimi katikati nimeinamia kabureta. Nilihesabu: hao ni watu waliojuana lini? Mvua mbili! Mimi nimemjua mzee tangu watoto wake wa mwisho hawajazaliwa. Chakula kikanikataa. Mke wangu akaniambia, "Kula, baba. Hizo maharagwe hazijampa mtu ng'ombe." Na vijana wa kuchomelea vyuma, wale wa kibanda jirani, hawakuniacha. "Fundi, wenye wivu wajinyonge," mmoja akasema, "lakini tafadhali usitumie kebo ya klachi, kuna wateja." Nikamrushia spana. Ikamkosa.

Lakini kulikuwa na jambo, na jambo hilo sikulitoa kwa wivu. Mashine ya aina hiyo haina oili ya kukaa ndani. Oili inakuja na petroli. Ukifunga mkono wa mafuta kwenye usukani, petroli haiji, na oili pia haiji. Sasa fikiria mteremko wa Kona Baridi: mtu amefunga mafuta kabisa, gea imeshika, mlima unaisukuma mashine kwa nguvu, pistoni inakimbia mbio na ni kavu, inaweza kupata moto ikashika, yaani ikaganda ndani. Silinda yangu ya chuma ilikuwa imezeeka na kulegea, ilivumilia. Hii mpya ilikuwa imebana kama kiatu cha dukani. Inatakiwa ubonyeze klachi, au upe mafuta kidogo kidogo ukiteremka, ili pistoni inywe. Nililiona hilo siku ya kwanza nilipoishika.

Nikavuka barabara asubuhi moja mzee akijiandaa kumrudisha mke mkubwa kwake. Mama mwenyewe alikuwepo, ameshakaa nyuma. Palikuwa na watu, kama kawaida ya pale dukani.

"Mzee, ngoja. Usiteremke Kona Baridi ukiwa umefunga mafuta. Silinda hiyo itashika."

"Fundi, nimeteremka hapo miaka mingapi?"

"Ile ilikuwa silinda yangu!"

"Eeeh, ndiyo hiyo!" akaruka yule kijana wa kuchomelea. "Ile ilikuwa yake!" Watu wakavunjika mbavu. Hata mama alitabasamu.

Jirani hakucheka. Alikunja uso akaniangalia. "Fundi, kwetu hakuna kilima. Ni tambarare mpaka macho yachoke. Hilo jambo mimi sijawahi kuliona. Nieleze."

Hapo ndipo ningeeleza. Lakini ile kuniomba kwa adabu, mbele ya watu, huku ameweka mkono kwenye usukani wa skuta ya Pakiteng wake, iliniwasha zaidi kuliko kicheko. "Kaa na tambarare yako!" nikamwambia, nikarudi zangu kibandani. Nyuma yangu mtu akasema, "Wivu ni ugonjwa," na wengine wakaitikia kama kanisani.

Ilishika siku hiyo hiyo, kwenye kona ya pili. Gurudumu la nyuma lilikaza ghafla, skuta ikateleza kwenye changarawe, wakaenda chini wote. Mzee akachubuka bega. Mama mkubwa akavunjika mkono. Lori la magadi liliwabeba mpaka hospitali ya Ngong, na skuta ikaletwa kwangu kesho yake, kwa sababu ingepelekwa wapi tena?

Nilipofungua kichwa cha silinda nikakuta pistoni imeng'ang'ania ukutani, aluminiamu imelika mistari mirefu. Nilifurahi. Nilipiga kofi kwenye meza. "Sikuwaambia?" nikapaza sauti kwa barabara nzima. "Sikuwaambia?"

Mke wangu alikuwa mlangoni na sufuria. "Umeuliza mama yuko vipi?" akasema. Sikuwa nimeuliza.

Jirani alikuwa ameuliza. Alifunga duka akaenda Ngong, akakaa huko na chupa yake ya chai, akarudi jioni ya siku ya pili amechoka. Akaja moja kwa moja kwangu. "Fundi, ulisema kweli. Mimi ndiye nilipaswa kukusikiliza." Alisema hivyo kwa moyo safi, hata hasira yangu ikakosa pa kushika. Lakini nilijifariji: basi, jina limekufa. Silinda imekufa, mama amevunjika mkono, mtu hawezi kuendelea kumwita Pakiteng mtu aliyemwangusha mlimani.

Wiki hiyo hiyo mzee akaja na bega limefungwa. Akashuka garini, hata kabla hajaja kuangalia skuta yake akageukia duka. "Pakiteng!"

Nilimfuata. Sikuweza kunyamaza. "Mzee, bado mnaitana hivyo?"

"Kwa nini tusiitane?"

"Silinda yake si ndiyo hiyo imekuangusha!"

Akaniangalia kama mtu anayesikia swali la mtoto. "Kwani tuliitana silinda? Tuliitana ng'ombe."

Basi nikaona kwamba kusema kweli hakujanipa kitu. Imebaki kazi. Nikaichukua ile silinda iliyokufa ya jirani, nikakunja karatasi ngumu ya kalenda nikaiingiza ndani, nikaisugua kwa kidole chenye masizi ya ekzosi mpaka kila dirisha likajichora. Nikaitandaza mezani. Hapo sasa nikaona ujanja wote wa Waitaliano: urefu wa dirisha la moshi, na yale ya pembeni jinsi yalivyoelekezwa nyuma. Nikahamisha mchoro huo kwenye ile silinda yangu ya zamani ya chuma, iliyotolewa kwenye skuta. Nikachonga kwa tupa polepole, nikasugua kwa msasa, nikaipima kwa kidole nikiwa nimefumba macho. Kazi nyingine zote niliziweka kando. Sijawahi kuchonga vile kabla ya hapo wala baada yake. Wivu una mikono, usione hivi.

Mkono wa mama ulipopona tukaenda Kona Baridi. Mimi nilitangulia juu kwa gari la mboga nikangojea ukingoni, upepo unapiga mpaka masikio yanauma. Nilimfunza mzee kuteremka: klachi, mafuta kidogo, klachi. Aliteremka salama. Nikamsubiri apande. Nikasikia mlio kabla sijawaona, mlio mkavu wa juu, haukohoi. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Kona ya mwisho skuta ikatokea, mzee mbele, mama nyuma na kibuyu chake, amekaa kama yuko kwa kiti cha mkutano.

Wakasimama mbele yangu. Mama hakushuka. Alinyoosha miguu miwili hewani.

"Fundi! Leo viatu ni safi."

Nilicheka, na machozi yakanitoka, nikasema ni ya upepo. Mzee akazima mashine. Alishuka, akaegemea fimbo yake, akaniangalia, uso wake umelegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona. "Fundi," akaanza. "Mimi nimekaa nikifikiria..."

Hapo roho yangu ikaruka. Niliona atanipa asante, atanipa pesa, atasema "haya, fundi" kama kawaida, na kesho yake asubuhi neno lile litapita tena juu ya kichwa changu. Sikungoja.

"Mzee, maneno mengi ya nini? Nilipe kama ulivyomlipa yule wa duka."

"Yule sikumlipa."

"Uite vile unataka. Alipata ng'ombe. Na mimi nataka ng'ombe. Mimi pia ni mtu!"

Mama mkubwa akageuza uso akaangalia kule chini, upande wa Magadi. Mzee alikuwa bado amefungua mdomo. Akaufunga.

"Haya," akasema.

Hakukawia. Asubuhi ya pili alifika Kitengela na mtamba mwekundu, ana alama nyeupe usoni, mnene, mzuri kuliko wa jirani. Hilo nililipima kwa macho kabla hajafika. Mke wangu akatoka akipangusa mikono kwa leso. Vijana wa kuchomelea wakazima mashine yao. Jirani alisimama mlangoni pake na kikombe. Watu wote niliotaka wawepo walikuwepo. Nikapokea kamba, nikasafisha koo, nikaita kwa sauti isikike mpaka stendi.

"Pakiteng!"

Mzee alimpapasa yule ng'ombe mgongoni, mara moja, kama mtu anayeagana naye. Kisha akanishika mkono kwa heshima.

"Tumemalizana, fundi," akasema. "Sina deni lako."

Akavuka barabara, na kabla hajafika ng'ambo yule wa Garissa alikuwa ameshamwita, naye akaitika.